Kupima masikio Majengo: shajara ya jaribio la kusikiliza bila kujua

12 Januari 2025: ubishi

Kwaya yetu inataka kutoa nyimbo mpya kabla ya Pasaka, na safari hii hakuna CD. Nyimbo zitaingizwa kwenye flashi, nyingine zitasambazwa WhatsApp. Ubishi umeanzia hapo. Mwalimu wa kwaya anasema mp3 (faili la sauti iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde "inanyonya sauti", na kwamba yeye WAV, yaani sauti isiyobanwa, anaitambua hata akiamshwa usiku wa manane. Mhazini anasema waumini wananunua bando kwa jasho lao, faili liwe dogo kadiri inavyowezekana. Hesabu iko hivi: wimbo wa dakika 4 kwa WAV ya kawaida ya stirio ni karibu megabaiti 42, kwa mp3 ya 320 ni 9.6, kwa 192 ni 5.8, kwa 128 ni 3.8.

Mimi ndiye fundi mitambo wao, nina chumba cha kurekodia uani, hapa Majengo, Moshi. Nimeamua kupima badala ya kubishana. Nitaandika kila hatua ikikamilika, ili mwenye studio ndogo kama yangu akitaka kurudia asianzie sifuri.

Jaribio la kwanza lilikuwa la hovyo, ila ni hovyo inayofaa kuelezwa maana ndivyo watu wengi hulinganisha. Nilikaa kwenye kompyuta, mwalimu akakaa nyuma yangu, nikapiga toleo moja kisha jingine, nikamuuliza ipi ni WAV. Alipatia yote. Baadaye nikapima viwango: ile mp3, iliyotoka kwenye simu ya mhazini, ilikuwa chini ya WAV kwa desibeli 1.4. Mwalimu hakusema hata mara moja kwamba moja ina sauti kubwa. Alisema "imejaa", akasema "besi inakaa kifuani".

Hilo lina maelezo ya siku nyingi. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, waliokuwa maabara za Bell kule Marekani, walionyesha kwamba sikio husikia besi kwa unyonge sauti ikiwa ndogo, na ukipandisha kila kitu kwa kiasi kilekile, besi ndiyo inayopanda haraka zaidi kwa msikilizaji. Kwa hiyo desibeli moja ya ziada haijitambulishi kuwa ukubwa. Inakuja imevaa joho la ubora. Wauza redio wanalijua hili vizuri kuliko sisi.

Halafu kulikuwa na mgongo wangu. Nilijua ninachopiga, na mwalimu alikuwa ananitazama.

Gharama hadi hapa: hakuna.

19 Januari: kanuni

Nimechagua njia inayoitwa ABX, ambayo Munson huyohuyo na mwenzake Gardner waliieleza mwaka 1950. Unapewa A, unapewa B, unazijua zote mbili. Kisha unapewa X, ambayo ni mojawapo, na kazi yako ni kusema ni ipi. Unaruhusiwa kurudia utakavyo. Siku hizi kompyuta ndiyo inayochagua X, kwa hiyo hakuna mtu chumbani anayejua jibu. Natumia foobar2000, programu ya kupiga muziki, na kiongezo chake cha ABX. Vyote ni bure.

Duru ni 16. Anayebahatisha tu ana uwezekano wa 3.8% wa kupata 12 au zaidi, basi 12 ndiyo alama ya kufaulu. Idadi ya duru inapangwa kabla ya kuanza na haibadilishwi. Mtu akiruhusiwa kuacha pale anapoona yuko mbele, hata anayekisia kwa kurusha shilingi atafaulu siku moja. Kwa sababu hiyohiyo nimeficha alama zisionekane wakati jaribio linaendelea.

26 Januari: kutengeneza mafaili

Matoleo yote yanatoka kwenye WAV moja. Yanabanwa kwa LAME, programu ya kutengeneza mp3, kisha yanafunguliwa tena kuwa WAV, ili programu iyapige yote kwa njia ileile na ukubwa wa faili usitoe siri.

Kundi la kwanza nililitupa. Pale kwaya nzima inapopanda kwenye "Haleluya", mp3 ilikuwa na mikwaruzo ambayo hata mtoto angeisikia. Kosa halikuwa la mp3 moja kwa moja. Kubana ni kukadiria, na wimbi likikadiriwa vilele vyake havitoki na urefu uleule vilivyoingia nao. Nyimbo zangu zilikuwa tayari zimegusa dari, hivyo vilele vilivyorefuka kidogo vikakatwa. Dawa: nilishusha WAV ya mwanzo kwa desibeli 3 kabla ya kubana chochote, nikatengeneza upya. Baada ya hapo tofauti ya kiwango kati ya matoleo ilikuwa chini ya desibeli 0.1.

Nimenunua kadi ya sauti ya nje, Sh 35,000, kwa sababu tundu la kompyuta yangu linavuma kila ninapogusa kipanya.

2 Februari: 15 kati ya 16

Mwalimu alikuja baada ya ibada, akavaa hedifoni, akafanya duru zake kwa WAV dhidi ya mp3 ya 320. Nilianzia 320 makusudi, nikitegemea ashindwe ili tuelewane mapema. Alitoka na 15.

"Si nilikwambia, fundi?"

Nilinyoosha mikono. Kubahatisha hadi 15 ni uwezekano wa takriban mara moja katika kila majaribio 3,900. Lakini kasi yake ilinitia shaka. Alikuwa anajibu kabla wimbo haujafika mstari wa pili. Nikamwomba anieleze anasikia nini hasa.

"Hii moja inaruka. Nikitoka A kwenda B, neno linarudi nyuma kidogo, kama mtu mwenye kigugumizi."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilifungua mafaili mawili ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikakuza picha ya wimbi hadi pigo la kwanza la kayamba likaonekana sampuli moja moja, yaani vile vipimo vidogo vya wimbi ambavyo sauti ya kompyuta hujengwa navyo. Kwenye WAV pigo lilikuwa mahali pake. Kwenye mp3 lilikuwa limesogea kulia kwa sampuli 1,105. LAME huongeza sampuli 576 mwanzoni wakati wa kubana, na kifungulio huongeza 529 wakati wa kufungua. LAME huandika kiasi chake kwenye kichwa cha faili ili programu nzuri ikate. Programu niliyofungulia haikusoma maandishi hayo. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, huo ni uchelewaji wa sekunde 0.025. Ukisikiliza wimbo mzima huwezi kuugundua kamwe. Ila ABX inabadilisha toleo katikati ya neno, kwa saa ileile, na ile 0.025 inageuka mruko. Mwalimu hakuwa anasikia ubora. Alikuwa anasikia mshono. Na kwa haki yake, aliusikia vizuri sana.

Marekebisho: nilikata sampuli 1,105 mwanzoni mwa kila mp3 iliyofunguliwa, nikasawazisha na miisho ili urefu ulingane. Kisha nikageuza wimbi la toleo moja juu-chini na kulijumlisha na jingine. Yakilingana kabisa kinabaki kimya. Yakitofautiana, tofauti ndiyo inayobaki. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono kwenye herufi za "s" na kwenye kayamba.

Onyo kwa atakayerudia: usimpigie mtu ule mnong'ono peke yake ukasema "unaona walichokutupia?" Ndani ya wimbo haupo peke yake. Mwaka 1961 Zwicker, mtafiti wa usikivu, aliyagawa masafa ya usikivu katika kanda 24, na ndani ya kanda moja sauti kubwa humeza ndogo iliyo jirani yake. Mp3 nzima imejengwa juu ya tabia hiyo ya sikio. Makosa yake huyaficha pale ambapo kuna sauti ya kuyameza.

Tulirudia jioni ileile. Mwalimu alipata 9. Akavua hedifoni, akaipangusa kwa leso, akasema, "Basi leo masikio yamechoka." Nilikubali, maana huchoka kweli. Siku nyingine, akiwa ametoka kulala, alama zake hazikusogea mbali na hapo.

16 Februari: chumba, kelele, Luku

Haya kwa ufupi. Spika za Bluetooth zimepigwa marufuku, kwa sababu spika ya kawaida ya aina hiyo hupokea sauti iliyobanwa tena kwa SBC, mfumo wa kubana wa Bluetooth, hivyo unalinganisha kilichobanwa mara moja na kilichobanwa mara mbili. Hedifoni ya waya iliyofunika masikio, iliyotumika, Sh 85,000. Blanketi nne za mitumba kutoka soko la Memorial, Sh 12,000 kila moja, nimezitundika ukutani na mlangoni. Zinapunguza mwangwi, bodaboda hazizizuii. Kwa bodaboda dawa ni saa: tunapima mchana wa Jumapili, baada ya watu kula.

Umeme ulikata duru ya kumi na moja ikiendelea, Luku imeisha. Jaribio lilifutwa lote, halikuunganishwa na la siku nyingine. Nimeweka Sh 10,000 ya Luku ya mradi peke yake.

Vipande navyo nimevifupisha. Nilikuwa natoa dakika nzima ya wimbo, na watu wakawa wanalinganisha kumbukumbu zao. Undani wa sauti hukaa kichwani kwa sekunde chache tu, kisha kinachobaki ni maoni yako juu ya ulichosikia. Sasa kila kipande ni kati ya sekunde 5 na 10, kinajirudia chenyewe, na kila baada ya dakika 20 mtu anatoka nje kunywa soda.

2 Machi: sikio hufundishwa

Hadi wiki iliyopita hakuna aliyefaulu hata kwa 128, nami nilikuwa karibu kuandika kwamba mhazini ameshinda. Binti mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye ndiye mpiga kayamba, akasema hatuwezi kumdai mtu akitafute kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa. Ana haki. Hata wapimaji wa kazi huanza kwa mazoezi.

Tulianza na kilobiti 64, ambapo uharibifu unajianika. Nilimpa vipande vya kayamba na makofi tu. Akaambiwa asisikilize pigo lenyewe, asikilize kinachotokea kabla yake. Maelezo yake ni haya: mp3 hufanya kazi kwa mafungu ya sampuli 1,152, karibu sekunde 0.026, na makosa ya kukadiria hutapakaa ndani ya fungu lote. Pigo likiwa mwishoni mwa fungu, sehemu ya takataka inasikika kabla ya pigo. Sauti kubwa humeza ndogo inayoifuata kwa muda mrefu kiasi, lakini ndogo inayoitangulia humezwa kwa milisekunde chache tu. LAME hugeukia mafungu mafupi inapoona pigo linakuja, ila kayamba ni mbegu nyingi zinazogonga bila mpangilio, na kwa biti chache inashindwa kuzifuata zote. Sauti ya binadamu iliyovutwa, ambayo ndiyo tuliyokuwa tunapimia tangu mwanzo, haina tatizo hilo. Tulikuwa tunamtafuta mwizi kwenye nyumba ambayo hajaingia.

Alipomaliza 64 alipanda 96, kisha 128. Kwa 128 alipata 14. Nikamrudisha wiki nyingine, akapata 13. Kwa 192 alipata 10, aliporudia akapata 7.

"Shikamoo mwalimu, sasa zamu yako," akamwambia, na chumba kizima kikacheka. Mwalimu alipata 8, baada ya mazoezi yaleyale.

Jambo hili lilitaka ustaarabu. Mwalimu amepita miaka 60, na masafa ya juu huanza kupotea mapema kuliko hapo kwa karibu kila mtu. Kwa 128, LAME hukata kila kilicho juu ya Hz 17,000 hivi. Vijana wanne kati ya waliokuja walisikia mlio wa Hz 16,000 nilioupiga kwa sauti ndogo, yeye hakuusikia. Lakini nilimtengenezea jaribio jingine: kipande kilekile, tena nikiwa nimeshusha sauti ya tatu peke yake kwa sehemu ya kumi ya nusu toni. Alikamata duru zote isipokuwa moja, wakati binti wa kayamba alikuwa anakisia. "Huyu tena ameanza kulegea," mwalimu alisema, akimtaja kijana ambaye siku hiyo hata hakuimba. Yaani kusikia ni mambo mengi, na mp3 inagusa machache kati ya hayo.

16 Machi: watu wengi, bahati nyingi

Watu 12 wamepima 320 dhidi ya WAV. Mzee mmoja wa besi alipata 12, akashangiliwa, akapigiwa na vigelegele. Ilibidi niharibu sherehe. Kila mtu peke yake ana 3.8% ya kufaulu kwa kukisia, lakini ukiwa na watu 12 uwezekano kwamba angalau mmoja atafaulu hivyo ni karibu 37%. Kanuni mpya: anayefaulu anarudia, na matokeo ya pili ndiyo yanayohesabiwa. Mzee alirudia, akapata 6.

Upande wa pili nao usisahaulike, maana wanaopenda kuwacheka wenye masikio huwa hawausemi. Mtu anayesikia tofauti kweli, lakini kwa shida, akipatia mara 7 katika kila 10, atafikia 12 kati ya 16 kwa uwezekano wa 45% tu. Kufeli mara moja hakuthibitishi kwamba tofauti haipo.

Kijana mmoja wa magitaa aliniuliza kwa nini sirekodi kwa sampuli 96,000 kama wanavyofanya wakubwa. Nilimwonyesha kazi ya Meyer na Moran ya 2007. Walichukua rekodi za kiwango cha juu wakazipitisha kwenye kiwango cha CD, wakauliza watu watambue: majibu 554, sahihi 276. Hiyo ni nusu kwa nusu. Kurekodi kwa biti 24, badala ya 16 za CD, naendelea nako, kwa sababu kunaniachia nafasi ya kukosea kiwango. Hilo ni suala la kazi ya fundi.

Soda na maandazi ya wasikilizaji hadi leo: Sh 24,000.

30 Machi: waya wa shemeji

Hili halikuwa kwenye mpango. Shemeji wa mhazini alileta waya wa spika aliouziwa Sh 180,000, akitaka upimwe dhidi ya waya wa umeme wa milimita 1.5 ninaotumia. ABX ya kompyuta haifai hapa, na kubadilisha waya kwa mkono kunachukua nusu dakika, sauti imeshatoka kichwani. Nilinunua swichi ya njia mbili, Sh 6,000. Nyaya zote mbili zimefungwa kwenye amplifaya, swichi inachagua ipi ifike kwenye spika. Kijana wangu wa kazi anakaa nyuma ya blanketi, anarusha shilingi, anaweka swichi, anaandika kwenye daftari. Haoni wasikilizaji, nao hawamwoni.

Shemeji alianza vizuri mno. Duru sita, sita sahihi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefumba macho, nami nikawa napatia: swichi ikienda juu inalia "ta", ikishuka inalia "to". Tulifuta, kijana akaambiwa kila duru aichezeshe juu na chini mara kadhaa kabla ya kuiacha. Shemeji akapata 7 kati ya 16.

Alisema chumba ni kidogo. Sikubishana naye. Toole na Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba alama ambazo watu wanazipa spika hubadilika wakiziona, hata watu wazoefu, na waya huu kweli unapendeza: umesukwa, una ncha za rangi ya dhahabu.

6 Aprili: mvua, na uamuzi

Masika imeshika. Mvua ikipiga mabati, hedifoni haisaidii kitu, na Jumapili mbili tumekaa tukiitazama. Nimeokoa siku moja ya ukavu kwa jaribio la mwisho.

ABX inajibu kama tofauti ipo. Mhazini anachouliza ni kama inakera. Kwa hilo nimetumia mtindo wa MUSHRA, ambao shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, lilitoa kwa namba BS.1534. Msikilizaji anapewa matoleo kadhaa pamoja, anatoa alama 0 hadi 100. Kati yake WAV yenyewe imefichwa, na lipo toleo baya la makusudi, lililokatwa juu ya Hz 3,500. Anayeipa WAV iliyofichwa alama za chini, karatasi yake inawekwa pembeni. Raundi ya kwanza iliharibika: niliyapanga matoleo kwa mpangilio uleule kwa kila mtu, na lililotangulia likawa linaonewa. Nilichanganya upya kwa kila msikilizaji.

Nyimbo za sauti tupu na kinanda: 128 na WAV wamepewa alama zinazokaribiana, na mwalimu alizigeuza, akaipa 128 zaidi. Nyimbo zenye kayamba: 128 imeshuka kwa waliofanya mazoezi peke yao; 192 haikushuka kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo flashi zitakuwa na 192 kwa nyimbo zote. WhatsApp tutatuma hizohizo kama hati, maana faili likienda hivyo linafika bila kuguswa. Zikirekodiwa upya kama ujumbe wa sauti zinabanwa tena kwa Opus, mfumo mwingine wa kubana sauti, na kazi yote hii inakwenda na maji. WAV zinabaki kwenye diski mbili, moja kwangu na moja ofisini kwa mwalimu, ambaye ameweka sharti hilo kabla ya kusaini.

Jumla ya matumizi: kadi ya sauti 35,000, hedifoni 85,000, blanketi 48,000, Luku 10,000, soda na maandazi 24,000, swichi 6,000. Ni Sh 208,000. Kwaya imenirudishia 60,000 na kuahidi zilizobaki baada ya mauzo. Mafaili ya kupimia, yaliyokatwa zile sampuli 1,105, nampa yeyote atakayekuja na flashi yake. Mvua ikipungua nitapima Opus kwa viwango vya chini, na binti wa kayamba ameshakubali kuwa wa kwanza.